UZI: Kuyabana kisheria makampuni ya mafuta na makaa ya mawe kwa mabadiliko ya tabianchi. Njia ipi inafika, ipi inaishia njiani? (Nyanda za Juu Kusini)

Kinyanambo_C

Habari za leo wakuu. Mvua zikichelewa Mbozi, au Mto Songwe ukivunja kingo na kuingia kwenye mpunga wa Kyela, hakosekani mtu wa kuandika humu: "Tuwapeleke Shell mahakamani." Basi leo tuliongelee kama watu wanaotaka kufungua shauri kweli, tuache hasira pembeni.

Msimamo wangu nauweka mapema. Kwa mtu wa huku kwetu, kudai fidia ya ukame kutoka kampuni yenye makao London au Houston ndiyo njia ndefu kuliko zote. Njia fupi ni kibali, yaani kuukamata mradi wa mafuta, gesi au makaa ya mawe ungali kwenye makaratasi.

Nianze na hiyo ndefu, maana ndiyo inayopendwa. Shauri la kusoma ni la Saúl Luciano Lliuya, mkulima wa Huaraz huko Peru, dhidi ya RWE, kampuni ya umeme ya Ujerumani inayochoma makaa ya mawe. Juu ya mji wake kuna ziwa Palcacocha linalojazwa na barafu inayoyeyuka. Hakudai RWE ilipe kila kitu. Alidai ilipe asilimia 0.47 ya gharama ya kujikinga na mafuriko, kwa sababu hesabu za wakati ule zilionyesha hiyo ndiyo sehemu yake katika gesijoto yote ya viwandani duniani. Ilikuwa kama yuro 17,000 tu. Alifungua shauri mahakama ya Essen, Ujerumani, Novemba 2015, likatupwa Desemba 2016, akakata rufaa mahakama ya Hamm, na mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikakubali kusikiliza ushahidi. Majaji na wataalamu walifika Peru Mei 2022. Hukumu ikatoka tarehe 28 Mei 2025: ameshindwa.

Ameshindwa kwa nini? Hapo ndipo pa kusoma mara mbili. Mahakama ilikubali kwamba mchafuzi mkubwa anaweza, kwa kanuni, kuwajibika kwa madhara yanayomkuta mtu wa bara jingine, na kwamba umbali haumkingi. Kilichomwangusha ni nyumba yake mwenyewe. Mtaalamu wa mahakama alikadiria uwezekano wa mafuriko kuifikia ndani ya miaka 30 kuwa kama asilimia 1, mahakama ikaona hatari hiyo ni ndogo mno. Sheria ilimbeba, ushahidi ukamwangusha.

Tukuyu_Mvua

Mkuu Kinyanambo, hiyo asilimia 0.47 tuifanyie hesabu ya huku ili watu waone ukubwa wake. Tuseme kuimarisha kingo za mto Kyela kunagharimu bilioni 2. Sehemu ya kampuni ya ukubwa wa RWE ni milioni 9.4. Kwa miaka kumi ya mawakili na wataalamu! Ndiyo maana kesi za aina hii ni za kutengeneza njia kwa wengine. Mwenye kutaka pesa ya kujenga tuta asiianze.

Usangu_Juu

Niongeze onyo kabla mtu hajakimbilia mfano rahisi wa Ruaha Mkuu.

Kila mtu anajua mto ule umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha tangu 1993. Ukiandika kwenye hati ya madai kwamba umekaushwa na mabadiliko ya tabianchi, wakili wa upande wa pili atakushukuru. Ataomba kumbukumbu za kituo cha kupima maji ya mto cha Msembe (namba 1KA59), zilizoanza miaka ya 1960, aziweke sambamba na ongezeko la mabanio na mifereji ya mpunga Usangu, kisha amwite mtaalamu wa maji aeleze kwamba maji ya kiangazi yanachukuliwa juu, kabla hayajatoka kwenye ardhioevu ya Ihefu. Tafiti za bonde hilo zimelisema hilo kwa miaka mingi. Shauri linafia hapo hapo, na mnarudi kushtakiana wenyewe kwa wenyewe, wa juu na wa chini.

Madhara ya kuchagua ni yale ambayo mkono wa karibu hauonekani, au unaweza kupimwa ukatolewa kwenye hesabu. Joto ni bora kuliko mvua. Mfululizo wa joto la usiku kwenye maeneo ya chai Mufindi au kahawa Mbozi unabishika kwa shida zaidi kuliko jumla ya mvua, kwa sababu mvua ya huku inayumba yenyewe mwaka hadi mwaka hata bila mkono wa mtu.

Na jingine ambalo watu wa miji wanalikosea: sisi tuna msimu mmoja wa mvua, Novemba mpaka Aprili. Utafiti uliofanyika juu ya mvua za vuli za Kenya na Somalia, hata uwe umefanywa na wabobezi, hauwezi kubebwa ukaletwa Makete. Kanda ni nyingine, mfumo wa mvua ni mwingine. Jaji asipoliona hilo, mtaalamu wa mdaiwa ataliona.

Mbozi_Arabika

Swali. Takwimu zenyewe tunazipata wapi? Na tunathibitishaje kwamba ni Shell au Exxon na si sisi wote tunaochoma dizeli?

Usangu_Juu

Hali ya hewa ni TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa. Unaandika barua ukitaja kituo, kipimo (joto la juu, la chini, mvua ya kila siku) na miaka. Zina malipo, waulize kwanza kabla hujapanga bajeti. Mtiririko wa mito uko kwa Bodi za Maji za Mabonde: Rufiji wako Iringa, Ziwa Nyasa wako Tukuyu, Ziwa Rukwa wako Mbeya mjini. Kwa upande wa mazao jaribu taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI Uyole, na kituo cha utafiti wa chai Ngwazi. Omba takwimu ghafi za kila siku, usikubali wastani wa mwaka. Uliza pia kifaa kilihamishwa lini na siku zipi hazikurekodiwa, maana pengo usilolitaja wewe mwenyewe litatajwa na mpinzani kama vile ulilificha.

Ofisi ya umma ikikuzungusha, tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Wana siku 30 za kukujibu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo ina kifungu chake cha taarifa za mazingira, cha 172. Barua iwe na muhuri wa kupokelewa, na nakala ibaki kwako.

Kinyanambo_C

Swali la pili la Mbozi nalichukua mimi. Mtafiti Richard Heede alichapisha mwaka 2014 hesabu iliyofuata hewa ya ukaa hadi kwa waliochimba: wazalishaji 90 wakakutwa na asilimia 63 ya hewa ya ukaa na methani ya viwandani kati ya 1751 na 2010. Hesabu hiyo imekuwa ikiboreshwa tangu hapo, na ndiyo inayotumika kugawa asilimia kwa kila kampuni.

Sasa "si sote tunachoma?" ndiyo hoja yao kuu, na jibu lake si la hewa ya ukaa, ni la ufahamu. Walijua nini, lini, wakasema nini hadharani. Wanasayansi wa Exxon wenyewe walifanya makadirio ya ongezeko la joto kuanzia 1977, na uchambuzi uliochapishwa kwenye jarida la Science Januari 2023 ulikuta kati ya asilimia 63 na 83 ya makadirio hayo yalikuwa sahihi. Wakati huo huo hadharani walikuwa wakisema sayansi bado ina mashaka. Ndiyo maana kesi nyingi za majimbo na miji ya Marekani, Honolulu ikiwemo, zimejengwa juu ya udanganyifu kwa umma na kwa walaji. Wanadai kwamba mliuza huku mkificha, hawadai kwamba ni kosa kuuza.

Hati_ya_Kiapo

Naona mnazungumza ushahidi kabla ya mlango. Niwapitishe kwenye milango ya hapa nyumbani, maana wengi wanagonga mlango sio na kufukuzwa kabla jaji hajasoma ukurasa wa pili.

Kwanza, haki ipo. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Mazingira 2004 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na cha 5 kinampa nafasi ya kuidai. Misingi ya mchafuzi kulipa na ya tahadhari imo humo humo. Kifungu cha 75 kinagusa tabianchi, lakini kinampa kazi Waziri. Hakikupi dai dhidi ya kampuni, msikibebeshe mzigo usio wake. Kabla ya sheria hiyo kulikuwa na Balegele dhidi ya Jiji la Dar es Salaam (1991), la dampo la Kunduchi Mtongani, ambapo Mahakama Kuu iliifunga haki ya kuishi ya Ibara ya 14 na mazingira. Namba za vifungu ninazotaja ni za sheria ilivyotungwa. Toleo la 2023 la Sheria za nchi lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025 na limepanga upya namba kwenye sheria nyingi, kwa hiyo nukuu kutoka toleo hilo, usinukuu PDF ya zamani uliyotumiwa WhatsApp.

Pili, saa inatembea. Shauri la madhara (uzembe, kero kwa jirani) ni miaka 3. Kwa kosa linaloendelea muda unahesabiwa upya kadiri linavyoendelea, lakini lazima uliandike hivyo wazi kwenye hati ya madai. Ukitaka amri ya kubatilisha uamuzi wa serikali, mfano cheti cha mazingira, unaomba kibali cha Mahakama Kuu ndani ya miezi 6 tangu uamuzi, na ukipewa kibali una siku 14 tu za kuleta maombi yenyewe. Wengi wanashangilia kibali wiki tatu, wakija wamechelewa.

Tatu, ukiishtaki serikali kwa madai ya kawaida ni notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe, shauri liende Mahakama Kuu. Hapa sikilizeni kilichotokea Ufaransa. Sheria yao ya uangalizi ya 2017 inawataka wakubwa kama TotalEnergies kuwa na mpango wa kuzuia madhara kwenye shughuli zao zote, na inamtaka mlalamikaji atoe notisi kwanza, asubiri miezi 3. Mashirika ya Ufaransa na Uganda yalitoa notisi 2019 juu ya mradi wa visima vya mafuta wa Tilenga, Uganda, na EACOP, bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda hadi Tanga. Februari 2023 mahakama ya Paris ikalitupa shauri, mojawapo ya sababu ikiwa madai yaliyoletwa mbele yake yametofautiana mno na yale ya kwenye notisi. Notisi yako na hati yako ya madai zifanane. Mkibadilisha mawazo katikati, toeni notisi mpya.

Nne, shauri la haki za kikatiba. Tangu marekebisho ya 2020 ya sheria ya utekelezaji wa haki za msingi (Sura ya 3), mlalamikaji anaapa jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika, na anatakiwa awe amemaliza njia nyingine kwanza. Shirika la Dodoma haliwezi tena kuleta shauri hilo kwa niaba ya wakulima wa Ileje ambao hawapo kwenye karatasi. Mpate mkulima, shamba lake, hasara yake.

Mwanjelwa_Kati

Wakili, wanakijiji 300 wote waende mahakamani?

Hati_ya_Kiapo

Hapana. Amri ya I kanuni ya 8 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai inaruhusu wachache kuwawakilisha wengi wenye maslahi yanayofanana, kwa kibali cha mahakama. Mnahitaji orodha ya majina na sahihi za wote, muhtasari wa kikao kilichowateua wawakilishi, na kiapo. Makosa ya kila siku: orodha ya mahudhurio ya mkutano wa kijiji inabandikwa kana kwamba ndiyo ridhaa ya kushtaki, au majina yanaongezwa baada ya kibali kutoka. Na Halmashauri ya Kijiji, ingawa ni mtu kisheria na inaweza kufungua shauri, haiwezi kudai hasara ya mahindi yako wewe. Inadai ya kijiji: msitu, chanzo cha maji, barabara.

Picha za simu zinapokelewa chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ila aliyepiga aape alipiga lini, kwa kifaa gani, na faili lilikaa wapi. Picha iliyopita kwenye magrupu matano inapoteza tarehe yake ya asili. Hifadhi faili la kwanza.

Mzigo_wa_Ngaka

Mimi nawaza tofauti. Mnataka kuwabana Shell, sawa. Lakini Kiwira, Ngaka na Mchuchuma ni makaa yetu, ajira zetu. Tanzania inachangia nini kwenye joto la dunia? Tusije tukajifunga kamba wenyewe.

Kinyanambo_C

Hoja yako ina uzito mkuu, na sina ugomvi nayo kwenye ajira. Ila angalia kinachofanyika kwenye Tathmini ya Athari kwa Mazingira (TAM), ndiko sheria ilikosonga mbele kuliko kwingine.

Juni 2019 baraza la mazingira la Kenya lilifuta leseni ya mtambo wa makaa wa Lamu, megawati 1,050, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na suala la tabianchi halikushughulikiwa. Afrika Kusini walishaamua Machi 2017, kwenye shauri la mtambo wa makaa wa Thabametsi, kwamba athari za tabianchi ni sehemu ya tathmini hata kama sheria haikulitaja neno hilo. Kisha Juni 20, 2024, Mahakama ya Juu ya Uingereza, kwenye shauri la Finch, ikasema tathmini ya kisima cha mafuta ihesabu na hewa itakayotoka mafuta yakishachomwa, kwa kuwa yatachomwa bila shaka. Hukumu hizo haziwafungi majaji wetu, ila zinashawishi.

Tukuyu_Mvua

Hesabu ya hilo ni rahisi, kila mtu anaweza kuifanya kwenye meza ya kahawa. Tuseme mgodi unatoa tani 500,000 kwa mwaka na mitambo yake inatumia lita milioni 3 za dizeli. Lita moja ya dizeli inatoa kama kilo 2.68 za hewa ya ukaa, kwa hiyo mitambo yote ni tani 8,040. Ripoti nyingi zinaishia hapo na kuandika "athari ndogo". Sasa makaa yenyewe: chukua nguvu ya joto kutoka cheti cha maabara, zidisha kwa kilo 94.6 za hewa ya ukaa kwa kila gigajuli (kipimo cha joto). Makaa yenye gigajuli 25.8 kwa tani yanatoa tani 2.44 kwa kila tani. Mgodi mzima ni tani 1,220,000. Yakiwa na majivu mengi, tuseme gigajuli 22, inashuka hadi tani 2.08. Tumia namba ya maabara ya mgodi huo huo, usichukue ya vitabuni, la sivyo mtaalamu wao atakusahihisha mbele ya watu.

Tani elfu nane dhidi ya milioni moja na ushee. Hoja hiyo iandikwe na ipelekwe wakati wa maoni ya wananchi, kwa NEMC, baraza la taifa la mazingira (Kanda ya Nyanda za Juu Kusini wako Mbeya), na ombi la jibu la maandishi. Asiyesema kwenye maoni atapata tabu kueleza baadaye kwa nini anakuja mahakamani.

Mzigo_wa_Ngaka

Bado sijakubali. Makaa ya Ruvuma yanapita bandari ya Mtwara kwenda nje. Atakayechoma ni mwingine, na asipoyapata kwetu atayapata kwingine.

Kinyanambo_C

Hoja ya "wakiacha wao watachimba wengine" imeleta mabishano hata Ulaya, na si ya kudharau. Mei 2021 mahakama ya The Hague iliiamuru Shell ipunguze hewa yake, pamoja na ya wateja wake, kwa asilimia 45 ifikapo 2030 ukilinganisha na 2019. Novemba 12, 2024 mahakama ya rufaa ikaifuta asilimia hiyo, na sehemu ya sababu zake ni kama yako: Shell ikiacha kuuza, mwingine atauza. Lakini ikabakiza kwamba Shell ina wajibu wa kupunguza, na ikaonya kwamba uwekezaji kwenye visima vipya unaweza kugongana na wajibu huo. Kwa hiyo hata huko hawajamalizana. Tofauti yangu na wewe ni kwamba mimi nataka namba iwepo kwenye ripoti, anayetoa kibali aamue akiwa anaiona.

Mbozi_Arabika

Na Arusha? Tuna mahakama mbili pale, tunazipita tu kwa basi.

Hati_ya_Kiapo

Mbili, na kila moja ina kikwazo chake.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu: Tanzania iliondoa mwaka 2019 tamko lililowaruhusu watu binafsi na mashirika kuishtaki moja kwa moja. Kwa hiyo wewe na mimi hatuna mlango. Kilichopo ni ombi la maoni ya ushauri juu ya wajibu wa mataifa kwa tabianchi, lililopelekwa Mei 2025 na umoja wa wanasheria wa Afrika. Maoni ya namna hiyo hayalipi mtu, ila yananukuliwa. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilishatoa yake Julai 23, 2025, ikasema nchi inayoshindwa kudhibiti uzalishaji wa mafuta na makaa, leseni za utafutaji na ruzuku zikiwemo, inaweza kuwa imevunja sheria ya kimataifa. Nukuu hiyo inafaa sana kwenye hoja dhidi ya mtoa kibali.

Mahakama ya Afrika Mashariki: haidai umalize mahakama za nchini kwanza, uzuri mkubwa. Ubaya ni kwamba muda wa kufungua shauri ni miezi 2 tu, na hauongezwi. Mashirika manne ya Uganda, Kenya na Tanzania yalifungua shauri la EACOP Novemba 2020. Novemba 29, 2023 likatupwa bila kugusa mazingira hata kidogo, kwa kuwa mkataba wa serikali mbili, Uganda na Tanzania, ulisainiwa 2017 na mahakama ikaanza kuhesabu pale. Bomba la kilomita 1,443, na shauri likaangukia kwenye kalenda. Bomba, mgodi, kiwanda, chochote: siku tangazo la kwanza linapotoka gazetini, mtu mmoja aandike tarehe na akate kipande cha gazeti.

Mwanjelwa_Kati

Kwani hatuwezi kuwafuata kwao London kama Wazambia?

Hati_ya_Kiapo

Unasema Chingola. Wanakijiji zaidi ya 1,800 dhidi ya Vedanta, kwa uchafuzi wa mgodi wa shaba. Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikakubali shauri lisikilizwe huko, kwa sababu Zambia wasingepata haki ya kweli kwa kukosa fedha na mawakili wa kesi ya ukubwa ule. Likaisha kwa makubaliano 2021. Wanigeria wa Okpabi dhidi ya Shell wakafuata njia hiyo Februari 2021: kampuni mama ikionekana inasimamia kazi ya kampuni tanzu, inaweza kuwa na wajibu wa uangalifu.

Mambo mawili yaangaliwe. Zile ni kesi za sumu na mafuta yaliyomwagika, mahali panajulikana, mwenye bomba anajulikana. Huku kwetu mfano wa karibu ni bomba la mafuta la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar hadi Ndola, linakatiza Iringa na Mbeya, na siku hizi linabeba dizeli. Likivuja shambani kwa mtu hilo ni shauri la kawaida kabisa, halihitaji sayansi ya tabianchi wala London. Pili, baada ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya, mdaiwa anaweza tena kuhoji kwamba mahakama ya nchi yenu ndiyo inayofaa. Kwa hiyo ushahidi wa ugumu wa kupata haki hapa, gharama za wataalamu na ukosefu wa mawakili wanaokubali kusubiri malipo hadi shauri liishe, ukusanywe tangu mwanzo.

Mbozi_Arabika

Nimeelewa wakili. Mkataba wa kaboni, ule ambao kampuni ya mafuta inalipia miti ya kijiji ili ifidie hewa yake, una uhusiano na haya?

Hati_ya_Kiapo

Unao, na unastahili uzi wake. Kwa leo: kanuni za biashara ya kaboni za 2022 zinataka mradi usajiliwe, kwa hiyo omba namba ya usajili kabla ya sahihi ya kwanza. Kisha tafuta kifungu kinachosema kijiji kinaachia madai yote "ya sasa na ya baadaye" dhidi ya mnunuzi na washirika wake. Kikiwepo, kifutwe kwa kalamu na pande zote mbili zisaini pembeni, au msisaini.